Fimbo ya Kalavati la Rugendamazi: Maisha ya Maximilla Reverien Ntirampeba, 1955–2015

Mwaka 1955, siku ya Ijumaa, tarehe 22 Aprili, mvua ilinyesha Murungu, Kibondo, tangu kabla ya alfajiri hadi saa sita mchana bila kupumzika, na kipimo cha mvua kilichotunzwa na mapadri kilisoma inchi mbili na robo, ambazo kwa vipimo vya leo ni milimita hamsini na saba. Kabla mvua hiyo haijakatika alizaliwa ndugu yetu tunayemsindikiza leo, mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Reverien Ntirampeba na Mama Winifrida, na kwa kuwa mkunga alikwama ng'ambo ya kijito kilichofurika, mtoto alipokelewa na bibi yake mzaa baba, ambaye hadi kufa kwake alipenda kusimulia kwamba Maximilla alikuja duniani maji yakiwa yamefunga njia.

Familia imemtuma kaka yake mkubwa, Bazilio, mtumishi mstaafu wa idara ya maji, aisome historia hii mbele yenu, na kila tarehe na kila tarakimu iliyomo humu imetoka katika madaftari ya marehemu mwenyewe, yaliyo kumi na moja, isipokuwa zile za siku zake za mwisho, ambazo hakuwa na nafasi ya kuziandika.

Elimu ya msingi aliipata hapo hapo Murungu kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Tabora mwaka 1970 hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha maofisa afya kilichoko Mpwapwa, Dodoma, ambako alihitimu Novemba 1976. Katika miaka yote ya shule hakuwahi kuwa wa kwanza darasani, lakini walimu wake waliandika kwenye taarifa, mwaka baada ya mwaka, kwamba ndiye mwanafunzi pekee aliyejua idadi ya madawati, ya madirisha na ya vioo vilivyovunjika, tabia ambayo baba yetu aliiita ugonjwa wa ukoo na hakuonekana kuisikitikia.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1977 kama ofisa afya msaidizi mjini Kasulu, akahamishiwa Gwarama mwaka 1984, wakati Gwarama ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kibondo, akafanya kazi katika kambi za wakimbizi kuanzia 1996 hadi 2004, na tarehe 3 Mei 2004 akapangiwa kituo chake cha mwisho, hapa Rugendamazi, kwenye barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lake. Kwenu alikuwa Bibi Afya, aliyekuwa akichungulia mashimo ya vyoo, mapipa ya mamalishe na visima, akiwa na kalamu mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya akiba.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1980, parokiani Kabanga, alifunga ndoa na Mwalimu Nathaniel William, mwenyeji wa Same, aliyeletwa na serikali kufundisha hesabu Kasulu na ambaye kwa miaka ishirini na sita alivumilia kuishi na mke aliyemzidi kwa kuhesabu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Elieth, aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye sasa ni muuguzi Mwanza, na Ildefonce, aliyezaliwa Septemba 1985, ambaye ni fundi umeme Kasulu. Mwalimu Nathaniel alitangulia mbele ya haki tarehe 11 Novemba 2006, na kaburi lake ndilo hilo mnaloliona pembeni ya hili jipya.

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo haiwezi kusomwa haraka.

Jina la Rugendamazi, kwa wasiojua Kiha, lina maana ya mahali maji yanapopita, na wazee waliolitunga hawakujenga bondeni hata kibanda cha mbuzi. Barabara ilipoinuliwa tuta mwaka 2009, njia yote ya maji ya kilimani ilibanwa ipite chini ya tuta hilo katika kalavati moja lenye upana wa sentimita tisini, na chini yake, kwenye bonde lililokuwa la nyasi, watu waliendelea kujenga, hata Maximilla alipofanya sensa yake mwenyewe Septemba 2012, alikuta kaya mia moja na kumi na saba, zenye watu mia sita arobaini na mmoja, waliolala kila usiku chini ya usawa wa barabara. Mwezi huo huo aligundua kwamba rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, zinazotupwa siku ya gulio zinasombwa na maji hadi mdomoni mwa kalavati na kubaki humo, zikishikana na tope kama nywele zinavyoshikana kwenye kitana. Alikata fimbo ya mkaratusi, akaitia alama kila sentimita kwa rangi ya kucha aliyoiazima kwa Elieth, na Jumatatu ya tarehe 1 Oktoba 2012 akaichomeka kwa mara ya kwanza hadi ikagusa saruji. Ilisoma kumi na moja.

Aliandika barua kwa kaka yake akimuuliza ni kiasi gani kingekuwa cha hatari, naye Bazilio akakaa siku mbili na ramani ya mteremko, akarudisha jibu la kurasa nne lenye hitimisho moja, kwamba kalavati likijaa sentimita sitini halitaweza kupitisha mvua ya milimita hamsini inayonyesha ndani ya saa moja, maji yatapanda nyuma ya tuta, tuta litakatika, na chochote kilichoko bondeni hakitapata muda wa kukimbia. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi hadi leo. Ndiyo pia iliyomfanya Maximilla aamini kwamba anao muda.

Tarehe 14 Novemba 2012 aliwasilisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata pendekezo la sheria ndogo ya kupiga marufuku uuzaji na ugawaji wa rambo kwenye gulio, na pendekezo hilo likapanda ngazi za juu, ambako lilikaa hadi Machi 2013 na kurudishwa kwa sababu halikutaja adhabu. Alitaja adhabu, likapanda tena, na Oktoba likarudishwa kwa sababu neno rambo si neno la kisheria. Maximilla, aliyeheshimu taratibu kuliko watu wengi waliozitunga, alilifuta neno hilo mahali palipokuwa nalo, mara kumi na tisa, na kila mahali akaandika mfuko laini wa plastiki, kama alivyoelekezwa. Rasimu ikabandikwa kwenye mbao za matangazo Februari 2014 ili wananchi watoe maoni, ikakaa siku thelathini, na hakuna mtu hata mmoja aliyeipinga, jambo lililomfurahisha sana hadi alipopita dukani kwa Bwana Hilali.

Bwana Hilali, ambaye yupo hapa na ameridhia maneno yake yasomwe, ndiye muuzaji mkubwa wa rambo katika kata hii, na siku hiyo alikuwa akipakua katoni mpya kutoka kwenye gari. Maximilla alimuuliza, kwa adabu, kama hakulisoma tangazo, naye akajibu kwamba alilisoma mara mbili.

"Bibi Afya, mimi nauza rambo," alisema. "Hiyo mifuko laini sijui ni ya nani, lakini hao wenyewe wamekwisha."

Hakuwa akifanya mzaha. Gulio zima lilikuwa limelielewa tangazo hivyo hivyo. Wengine walidhani mfuko laini ni turubai linalotoka kambini, wengine walidhani ni ule ufungwao mkate, na waliowahi kuishi na wakimbizi walisema kwamba kama serikali ingekuwa na nia ya kuzuia sashe, kama wakimbizi wanavyoziita rambo, ingeandika sashe. Kwa kuwa rambo haikutajwa, watu walihesabu kwamba rambo imeruhusiwa, na wauzaji wakaagiza zaidi.

Wakati huo alikuwa na tegemeo lingine. Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2013 alianzisha na akina mama kumi na wanne kikundi cha kusuka, akachukua mtindo ule ule wa vikapu vya nyasi tuliofundishwa na Mama Winifrida, ule wa kuanza na kitovu na kuzungusha msokoto hadi mdomoni, ila mahali pa nyasi akaweka utepe wa rambo zilizookotwa, zikafuliwa kwenye beseni, zikaanikwa na kukatwa. Kikapu kimoja kilimeza rambo sitini. Bi Adija alichaguliwa mwenyekiti, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi, na ndani ya miezi sita kikundi kilikuwa na wanachama arobaini na wawili, mitaro ya gulio ilionekana kwa mara ya kwanza ikiwa na udongo chini, na fimbo, iliyokuwa imefika ishirini na nne mwezi Julai, Desemba ilishuka hadi ishirini. Daftari la mwezi huo lina neno moja ambalo halimo katika daftari lingine lolote. Aliandika: Vizuri.

Kisha, kuanzia Machi 2014, mambo mawili yakaacha kukubaliana. Kila mwisho wa mwezi alihesabu vikapu vilivyosukwa, akazidisha kwa sitini, na kupata idadi ya rambo zilizoondolewa mitaani, na idadi hiyo ilipanda kila mwezi. Lakini kila tarehe moja alishuka kalavatini na fimbo ikapanda nayo, ishirini na tisa, thelathini na tatu, thelathini na nane. Alimwandikia kaka yake kwamba taarifa inasema mji unasafishika na fimbo inasema unazama, akauliza aamini lipi, na akajibiwa aamini fimbo, kwa kuwa fimbo haina sababu ya kutaka kumfurahisha.

Jumatano ya tarehe 1 Oktoba 2014, fimbo ikiwa imesoma arobaini na saba, aliingiza mkono na kuchomoa konzi moja ya uchafu, akaenda kuiosha kwenye beseni nyumbani kwake. Haikuwa mifuko. Ilikuwa mishikio ya mifuko, makumi kwa makumi, ya buluu, ya kijani, ya waridi, pamoja na pindo za chini, yaani zile sehemu mbili za rambo ambazo haziwezi kuchanwa utepe. Jumamosi iliyofuata aliibeba kwenye sahani hadi kwenye mkutano wa kikundi, akaiweka katikati ya mkeka, na hakutoa hotuba.

"Maji hayakati kitu kikanyooka hivi," alisema. "Hii ni mikasi yetu."

Bi Adija ndiye aliyejibu. "Shangazi, zile za kuokota zinanuka na zimepauka, na wateja wa Kigoma mjini wanataka rangi. Tulianza kununua mpya kwa Hilali tangu Februari. Tulijua wewe unataka vikapu vingi." Ikabainika kwamba kwa miezi minane rambo hazikuwa zikitoka mitaroni kwenda kwenye vikapu, zilikuwa zikitoka kwenye katoni, na mabaki yakifagiliwa mtaroni, na kwamba hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa kikundi kilisifiwa kwa wingi wa vikapu, na aliyekuwa akikisifu ni Maximilla mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, kwa kuzidisha kwa sitini.

Alisimamisha ununuzi siku hiyo hiyo. Akina mama ishirini na watatu walijitoa, na yeye, aliyekuwa Bibi Afya kwa miaka kumi, akapewa jina jipya gulioni, Bibi Rambo, na alipopita, wauza nyanya waliambizana, bila kushusha sauti, waifiche mifuko, mwenye mifuko anakuja. Hakulalamika. Kwenye daftari alichora mstari mwekundu juu ya hesabu zote za miezi minane, akaandika pembeni kwamba tarakimu hizi zisitumiwe na mtu yeyote.

Lakini yaliyokwisha kuingia kalavatini hayakujua kwamba ununuzi umesimama. Tope lilijikusanya juu ya mishikio, mishikio ikalishika tope, vuli ikasukuma vyote ndani zaidi, na fimbo ikasoma hamsini na moja Novemba, hamsini na sita Januari, hamsini na tisa Februari. Rasimu ya sheria ndogo ilikuwa ngazi za juu, ikisubiri saini. Aliandika kuomba mtambo wa kuchimbua kalavati, na ofisi iliyohusika ikamjibu kwa barua ya heshima kwamba kazi hiyo imewekwa kwenye mpango unaoanza mwezi Julai. Jumapili ya tarehe 1 Machi 2015, katika kipimo chake cha thelathini na cha mwisho, fimbo ilisoma sitini na tatu.

Jumamosi ya tarehe 7 Machi, asubuhi, mbingu ya upande wa Burundi ilikuwa nyeusi na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Saa nne kasorobo Maximilla, akiwa amebakiza siku arobaini na sita kustaafu, alivaa viatu vya mpira, akachukua reki na panga, akaingia kalavatini. Bi Adija alimfuata akiwa ndani bado, akamsihi atoke, akamwambia kwamba kazi hiyo ni ya wanaume na ya serikali, naye akajibu kutoka gizani, bila kugeuka, maneno ambayo Bi Adija ameomba yasomwe kama yalivyosemwa.

"Ya serikali ni tope. Mishikio ni yangu."

Kufikia saa tano walikuwa akina mama kumi na tisa, wakipokezana mabeseni kutoka mdomoni mwa kalavati hadi juu ya tuta, wakiwemo sita kati ya wale waliokuwa wamejitoa, na Bwana Hilali akaja na mzani wake wa dukani, akapima kila beseni, kwa kuwa alijua Bibi Afya atauliza. Zilitoka kilo mia nne na kumi na mbili. Fimbo ilishuka kutoka sitini na tatu hadi ishirini na moja. Walipanda tutani saa nane na nusu, na saa tisa na dakika kumi mvua ikashuka, ikanyesha milimita sitini na moja kwa saa moja na robo, maji yakapanda nyuma ya tuta hadi sentimita arobaini chini ya lami, yakasimama hapo huku watu wa bondeni wakiwa wametoka nje wamebeba watoto, yakatetemeka, kisha yakaanza kushuka. Hakuna nyumba iliyoingia maji.

Jioni hiyo Maximilla alipovua viatu aliona kwamba cha kushoto kimechanwa, na juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na jeraha dogo, urefu wa sentimita mbili, lililotokana na kipande cha bati lenye kutu. Aliliosha kwa sabuni, akalifunga, akaandika kilo mia nne na kumi na mbili kwenye daftari, na jeraha hakuliandika.

Jumapili ya tarehe 15 Machi, akiwa kanisani, alishindwa kufungua kinywa kupokea komunyo. Elieth alipigiwa simu Mwanza, na swali lake la kwanza lilikuwa ni lini mama yake alichomwa mara ya mwisho chanjo ya pepopunda, na baada ya kupekua sanduku lote ilipatikana kadi ya Mei 1985, ya ujauzito wa Ildefonce. Mtu aliyewahimiza maelfu ya wanawake wa wilaya mbili kwenda kuchanja alikuwa amepitisha miaka ishirini na tisa na miezi kumi bila kujikumbuka. Alifikishwa hospitali ya Kabanga tarehe 16 Machi, akalazwa katika chumba kilichotiwa giza, maana hata mlango ukibamizwa mwili wake ulikakamaa, na madaktari walifanya kila lililowezekana.

Jumamosi ya tarehe 21 Machi, saa tano asubuhi, kaka yake alifika Kabanga akitokea Rugendamazi, ambako alikuwa amepita kwanza kushika fimbo. Maximilla hakuweza kusema, lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa bado vinatii, akapewa kalamu, akaandika neno moja: Ngapi? Fimbo ilikuwa imesoma ishirini na sita, sentimita tano zaidi kwa wiki mbili tu. Bazilio, ambaye kwa miaka thelathini na minne ya utumishi hakuwahi kutaja kipimo kisicho sahihi, aliinama karibu na sikio lake na kusema, "Ishirini na moja, dada. Haijasogea." Alifumba macho. Alifariki kesho yake, Jumapili, tarehe 22 Machi 2015, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na miezi kumi na moja kamili.

Leo, Jumatano, tarehe 25 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kuja hapa, fimbo imesoma ishirini na nane. Mvua za masika bado. Mashada ya maua ya plastiki yaliyoletwa tumeyapokea kwa shukrani na tumeyaweka ndani, hayatashuka kaburini, na rambo na chupa za maji zilizogawiwa asubuhi hii, familia inaomba mzirudishe kwa Bi Adija aliyesimama mlangoni, kila mtu ya kwake, kabla hamjaondoka, kwa sababu kutoka hapa hadi mtaroni ni hatua arobaini na njia yote ni mteremko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kabanga waliomhudumia usiku na mchana, majirani wa Rugendamazi, wa juu ya barabara na wa bondeni, mliochimba kaburi hili na kutupikia kwa siku tatu, watumishi wenzake wa afya wa Kasulu na Kibondo, Bwana Hilali, ambaye tangu Jumatatu hajafungua katoni, na wale akina mama kumi na tisa, ambao majina yao yote yamo kwenye daftari la kumi na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Maximilla, fimbo tumeipokea, na tarehe moja Aprili kuna atakayeshuka nayo. Pumzika kwa amani.

Kaya zilizoko bondeni, mia moja na kumi na saba. Watu, mia sita arobaini na mmoja. Nyumba zilizobomoka, hakuna. Jumla ya gharama: mtu mmoja.